Njia nne za kufikia makala za utafiti ukiwa Dodoma: ipi inakufaa?

Ofisa ugani mmoja kutoka upande wa Kongwa, mtu mzima aliyebakiza miaka michache kustaafu, alikuja kwenye dawati langu la maktaba hapa Dodoma akiwa ameshika simu yenye kioo kilichopasuka. Kwenye kioo hicho palikuwa na ikisiri, yaani muhtasari, ya makala kuhusu sumukuvu katika karanga. Ikisiri ilieleza kwamba namna ya kukausha ilileta tofauti kubwa, lakini haikusema karanga zilianikwa siku ngapi, zilianikwa juu ya turubai au juu ya udongo, wala zilikuwa na unyevu kiasi gani zilipoingizwa ghalani. Majibu hayo yalikuwa kwenye jedwali lililomo ndani ya makala, na ili alione alitakiwa kulipa dola 30 na ushei kwa kadi ya benki ambayo hakuwa nayo. "Mwanangu," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu, "hawa wamenionyesha mlango wa ghala, karanga wamezificha."

Kwa mkoa huu swali lake halikuwa la udadisi mtupu. Mwaka 2016 sumukuvu iliwaua watu katika vijiji vya Dodoma na Manyara, na chakula kilichowadhuru kilikuwa mahindi ya kawaida ya nyumbani. Mwaka uliotangulia, Ebola ilipokuwa imeanza kupungua Liberia, mganga mkuu wa nchi hiyo, Bernice Dahn, na wenzake wawili waliandika katika gazeti la The New York Times kwamba onyo lilikuwepo tangu mwaka 1982: watafiti kutoka Ujerumani walikuwa wamechapisha huko Ulaya makala iliyosema Liberia ihesabiwe miongoni mwa nchi zenye virusi hivyo. Makala za aina hiyo hazikuwa na mwandishi Mliberia hata mmoja, na kupakua mojawapo kungemgharimu daktari wa huko dola 45, karibu nusu ya mshahara wake wa wiki. Maarifa yalikuwepo, tena yakihusu nchi yao, ila hayakuwa yamefika kwao.

Zipo njia nne halali za kupata makala kamili, na wanaonijia wengi hukwama kwa sababu wanaifahamu mojawapo tu na kudhani ndiyo pekee. Ninazilinganisha hapa kwa vigezo vilevile, nikiwafikiria wasomaji wa Dodoma na maeneo ya jirani, kuanzia mwanafunzi wa uzamili hadi mganga wa zahanati ya kijijini.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni nani anaruhusiwa kuingia. Cha pili ni gharama yote, pamoja na ile inayoangukia mwandishi badala ya msomaji. Cha tatu ni upana na upya wa makala zilizomo, na cha nne ni uhakika wa kesho, yaani kama mlango uliofunguka leo utafunguka pia mwaka ujao. Cha tano husahaulika sana: baada ya kusoma, unaruhusiwa kufanya nini na ulichokisoma? Vyote vitano vinarudi kwenye jambo moja ninalowaomba wasomaji waliulize kabla ya kuuliza bei, nalo ni ufunguo uko mkononi mwa nani.

Njia zenyewe

Njia ya kwanza ni Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 pale Shirika la Afya Duniani lilipokubaliana na wachapishaji wakubwa sita kufungua majarida ya tiba kwa nchi maskini kupitia HINARI. Baadaye zikaongezeka AGORA ya kilimo mwaka 2003, OARE ya mazingira mwaka 2006, ARDI ya teknolojia mwaka 2009 na GOALI ya sheria mwaka 2018. Taasisi za nchi za Kundi A husoma bure na za Kundi B hulipa ada nafuu. Tanzania imo katika Kundi A.

Ya pili ni maandiko huria, yanayosomwa na yeyote bila malipo. Azimio la Budapest la mwaka 2002 ndilo lililoupa mwelekeo huu jina na maana, ingawa arXiv, hifadhi ya makala ya wanafizikia, ilikwishaanza mwaka 1991 na PubMed Central ya sayansi za tiba mwaka 2000. Humo pia kuna orodha ya majarida huria ya DOAJ, hifadhi za kidijitali za vyuo vyetu, na sehemu kubwa ya African Journals Online, maarufu kama AJOL, iliyoanza mwaka 1998 na leo ina majarida zaidi ya 500 ya Afrika.

Ya tatu ni kununua, ama makala moja moja, ama usajili wa taasisi, ambao aghalabu hujadiliwa kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba kama COTUL hapa nchini. Ya nne ni kumwandikia mwandishi na kumwomba nakala.

Ipo na ya tano ambayo siiweki kwenye mizani, nayo ni tovuti za maharamia, hasa Sci-Hub iliyoanzishwa mwaka 2011 na Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan. Najua inatumika, na sina haja ya kujifanya sijui. Lakini mwaka 2017 mahakama ya New York iliamuru kampuni ya uchapishaji ya Elsevier ilipwe dola milioni 15 kwa sababu ya tovuti za namna hiyo, na tangu mwishoni mwa mwaka 2020, kesi nyingine ikiwa mahakamani India, makala mpya zinazoingizwa humo zimekuwa chache. Maktaba haiwezi kuwajengea wasomaji wake huduma juu ya kitu kama hicho.

Nani anaingia

Research4Life huisajili taasisi na si mtu binafsi. Vyuo, vituo vya utafiti, hospitali za kufundishia, ofisi za serikali, vituo vya ugani na mashirika ya ndani yasiyo ya kiserikali vinaweza kuomba. Taasisi ikishakubaliwa hupewa jina la mtumiaji na nywila, na mara nyingi mkutubi ndiye anayezitunza. Kwa mwanafunzi au mwajiriwa wa taasisi iliyosajiliwa huu ni mlango mpana, anaoweza kuutumia hata akiwa nyumbani Nkuhungu au kwenye ukusanyaji wa data Kondoa. Lakini mhitimu aliyekwisha kuvaa joho yuko nje, na aliyejiajiri yuko nje pia. Mgeni aliyeruhusiwa kuingia maktaba anaweza kusoma kwenye kompyuta za humo humo, na hivyo ndivyo tulivyojaribu kwanza kumsaidia ofisa wetu siku ile, ingawa wageni wachache mno wanaijua ruhusa hiyo na maktaba chache mno huitangaza.

Maandiko huria hayaulizi wewe ni nani. Kununua hakukuulizi pia, ila kunataka kadi inayolipa kwa fedha za kigeni, kizuizi ambacho kwa wengi huja kabla hata ya bei yenyewe. Kumwandikia mwandishi kunataka anwani yake ya barua pepe, ambayo kwa kawaida ipo wazi kwenye ukurasa uleule wa ikisiri, na adabu kidogo.

Gharama yote

Kwa Tanzania ada ya Research4Life ni sifuri, na sifuri hiyo imewahi kuwapumbaza wakuu wa taasisi. Nilipata kuitembelea taasisi moja ambayo usajili wake ulikuwa hai, ila mkutubi aliyejua nywila alikuwa amehama na barua pepe iliyosajiliwa ilikuwa yake binafsi. Kwa zaidi ya mwaka wanafunzi wa pale walikuwa wakiambiwa kwamba huduma imekatwa. Gharama halisi ya njia hii ni mtu mmoja anayejua kuitumia, mwingine anayeweza kushika nafasi yake, na intaneti isiyomlazimu mwanafunzi kununua bando kila anapotaka kupakua makala tano.

Kwa maandiko huria, mzigo umehamishwa, na hapa inabidi nikae kidogo. Msomaji halipi, lakini majarida mengi huria humtoza mwandishi ada ya uchapishaji. Jarida la Nature lilipotangaza mwaka 2020 njia yake ya kuchapisha kwa huria liliweka ada ya euro 9,500, ambayo ni zaidi ya shilingi milioni 20 kwa makala moja. Wachapishaji wengi husamehe ada au kuipunguza kwa waandishi wa nchi maskini, lakini hawatumii orodha moja. Wapo wanaofuata makundi ya Research4Life, ambako sisi bado tumo Kundi A, na wapo wanaofuata madaraja ya Benki ya Dunia, ambayo mwezi Julai 2020 yaliitoa Tanzania katika nchi za kipato cha chini na kuiweka katika kipato cha kati cha chini. Taifa lilifurahia habari ile, na ilistahili, lakini kwa mtafiti wa mtama kule Hombolo maana yake ilikuwa kwamba baadhi ya misamaha kamili iligeuka kuwa punguzo la sehemu tu. Kwa hiyo nchi inaweza kupata nafuu ya kusoma na papo hapo ikapoteza nafuu ya kusomwa. Sayansi yetu inaumia zaidi kwa hili la pili kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu matokeo ya Dodoma yasiyochapishwa mahali panapoonekana hayatamfikia mtafiti wa Singida, sembuse wa Senegal.

Kununua makala moja huwa kati ya dola 30 na 45 kwa majarida mengi makubwa. Usajili wa taasisi hulipwa kwa dola au euro, hivyo bajeti iliyopitishwa kwa shilingi inaweza kupungua nguvu kabla ankara haijafika. Kumwomba mwandishi hakugharimu chochote zaidi ya subira.

Upana na upya

Kwa upana, Research4Life ni vigumu kushindana nayo: majarida na vitabu vyake ni maelfu kwa maelfu, na matoleo mapya mara nyingi yamo. Tatizo ni mashimo. Kila mchapishaji huamua afungue nini na kwa nchi zipi, hivyo jarida unalolihitaji laweza kuonekana kwenye orodha na bado likakukatalia. Jarida la karanga za ofisa wetu lilikuwa mojawapo ya mashimo hayo.

Maandiko huria yana nguvu zisizo sawa. Katika afya ni mengi na ya karibuni, hasa kwa kuwa tangu mwaka 2008 taasisi za afya za Marekani, NIH, zilizitaka makala za tafiti zinazozifadhili ziwekwe PubMed Central ndani ya miezi 12, na tangu Julai 2025 muda huo wa kusubiri umeondolewa. Katika fizikia na hisabati, arXiv karibu inatosha. Utafiti uliofanywa hapa hapa kwetu kuhusu malaria, lishe au udongo mara nyingi utaukuta AJOL kabla ya kuukuta kwingine. Makala za zamani ndizo zinazokosekana: chochote cha miaka ya 1970 au 1980 kuhusu ng'ombe wa Mpwapwa au ukame wa Ugogo kina nafasi kubwa ya kuwa kimefungiwa, au hakijawahi kuingizwa kwenye kompyuta. Tahadhari mbili pia ni lazima. Makala awali zinazowekwa kwenye hifadhi za bioRxiv au medRxiv ni mpya kuliko zote, lakini hazijapitiwa na wahakiki. Na yapo majarida ya ulaghai yanayojiita huria, yanayopokea ada na kuchapisha chochote.

Kununua hukupa karibu kila kitu, cha zamani na cha leo, na huo ndio uwezo wake ambao njia nyingine hazina. Mwandishi hukupa kimoja tu, lakini mara nyingi pamoja na kisichochapishwa: viambatisho, dodoso, data ghafi. Tatizo ni kwamba mwandishi wa mwaka 1982 yawezekana amestaafu, au hayupo tena duniani.

Uhakika wa kesho

Januari 2011 wachapishaji kadhaa waliondoa ghafla majarida zaidi ya 2,000 kutoka HINARI kwa wasomaji wa Bangladesh. Baada ya malalamiko mengi, mengine yakichapishwa katika The Lancet, yalirudishwa. Kisa kile kiliisha vizuri, lakini kilionyesha wazi kwamba ufunguo wa Research4Life uko mikononi mwa watu watatu kwa mpigo: mchapishaji anayetoa hisani, orodha ya kimataifa inayopima umaskini wa nchi, na mkutubi anayetunza nywila. Nchi inapoinuka kiuchumi huvuka kutoka Kundi A kwenda B, na mwishowe hutoka kabisa, mara nyingi kabla bajeti za maktaba zake hazijainuka.

Makala huria yenye leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi ya kuinakili na kuigawa, ukishaihifadhi, hainyang'anywi. Udhaifu upo kwa majarida madogo yanayojiendesha: ada ya tovuti isipolipwa, matoleo ya miaka kumi hupotea kwa siku moja, na ndiyo maana nakala kwenye hifadhi ya chuo au AJOL ni muhimu. Usajili wa kununua huisha siku mkataba unapoisha. Kabla ya kusaini, taasisi iulize kama itaendelea kusoma matoleo iliyokwisha kuyalipia, maana si kila mkataba unaruhusu. Nakala ya mwandishi ni yako, ila huwezi kupanga utafiti wa miaka mitatu kwa kutegemea majibu ya barua pepe.

Baada ya kusoma

Masharti ya Research4Life hayaruhusu kugawa nywila nje ya taasisi, kupakua matoleo mazima, wala kutumia maandiko kibiashara. Ulichonunua ni cha kusoma wewe, na ulichotumiwa na mwandishi vivyo hivyo, kwa sababu haki ya kukichapa upya au kukitafsiri kwa kawaida iko kwa mchapishaji. Taarifa na takwimu zenyewe hazina mwenyewe. Unaweza kuzieleza kwa maneno yako na kutaja chanzo.

Makala yenye CC BY, mojawapo ya leseni hizo za Creative Commons, inaruhusu zaidi ya hapo. Unaweza kuidurufu kwa darasa zima, au kuchukua jedwali lake, kulitafsiri kwa Kiswahili na kulibandika kwenye ukuta wa ghala la ushirika, mradi umtaje mwandishi. Kwa mtu wa ugani tofauti hii ni kubwa kuliko ya bei. James Evans na Jacob Reimer walionyesha katika jarida la Science mwaka 2009 kwamba makala zinapofunguliwa bure hutajwa zaidi na watafiti wengine, na kwamba ongezeko hilo katika nchi zinazoendelea ni takriban mara mbili ya lile la jumla. Hesabu ya kutajwa, hata hivyo, haiwezi kumhesabu mkulima aliyesoma ukutani.

Kwa hali yako

Kama wewe ni mwanafunzi wa uzamili au mtafiti kwenye taasisi iliyosajiliwa, anza na Research4Life, na umwone mkutubi kabla ya kwenda kukusanya data ili ujue namna ya kuingia ukiwa mbali. Hifadhi makala za msingi mapema, maana siku ya mahafali mlango hufungwa. Jizoeze kutumia PubMed Central na AJOL ukiwa bado mwanafunzi, kwa kuwa ndizo utakazobaki nazo.

Mganga wa zahanati au kituo cha afya asiye na taasisi iliyosajiliwa atahudumiwa vizuri na maandiko huria, kwa sababu fani yake ndiyo yenye mengi. Inafaa pia awashawishi wakubwa wake wilayani waombe usajili, kwani ofisi za serikali zinastahili. Mtafiti wa kilimo au mifugo atapata zaidi AGORA, akiongezea AJOL kwa yaliyofanywa Afrika. Mwenye kazi ya kuwafikishia wakulima atafute kwanza makala zenye leseni ya kutafsiriwa, hata kama kuna nyingine zenye jina kubwa zaidi.

Mkuu wa taasisi mwenye bajeti ndogo asinunue kilichomo tayari Kundi A. Atumie fedha hizo kwa intaneti na kwa mafunzo ya wakutubi wawili, asajili huduma kwa barua pepe ya ofisi, na anunue mashimo tu, kupitia muungano. Lakini kama taasisi yake inategemea majarida machache yasiyopatikana kwingine, kwa mfano ya uhandisi au sheria za biashara, usajili wa kulipia si anasa.

Anayekaribia kuchapisha aulize msamaha wa ada kabla ya kuwasilisha makala, maana wachapishaji wengi hawalipokei ombi hilo baada ya makala kukubaliwa, na aulize pia mchapishaji anafuata orodha ipi. Akikosa, achague jarida linalomruhusu kuweka toleo lililokubaliwa kwenye hifadhi ya chuo chake.

Kwa anayehitaji makala moja tu, amwandikie mwandishi, na anunue pale tu ambapo wiki mbili zimepita kimya na kazi haiwezi kusubiri. Barua tuliyoandika kwa ajili ya karanga ilikuwa na sentensi nne: kichwa cha makala na mwaka wake, kazi anayofanya ofisa na wilaya yake, jedwali analolihitaji, na shukrani. Jibu lilikuja siku ya tatu likiwa na makala nzima, na mwisho wake mwandishi aliuliza kama ofisa angeweza kumweleza wakulima wa Kongwa huanika karanga zao juu ya nini.